Fundi Aliyelipua Kazi: Tusimdhulumu, Wala Tusimnyamazie

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyeumba kila kitu na kukikadiria kwa kipimo chake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Masumbwe unajengwa. Hadi mwaka 2012 tulihesabiwa katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Leo tumo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi inapita mlangoni mwetu, na dhahabu inawavuta watu kutoka kila pembe. Kwa sababu hiyo nyumba za kuishi, vyumba vya kupangisha na nyumba za wageni vinainuka kila kukicha. Na wengi wanaojenga sasa hawaridhiki tena na choo cha shimo kilichoko nyuma ya ua. Wanataka bafu la ndani, lenye marumaru ukutani, sinki, bomba la mvua na choo cha kumwagia maji. Hili ni jambo la kheri, kwani usafi una daraja kubwa katika dini yetu.

Hata hivyo, pamoja na kheri hiyo limezuka balaa ambalo karibu kila mwenye nyumba analo la kusimulia. Fundi anapatana kazi, anapokea malipo ya awali, anafanya kazi kwa siku chache na kuondoka. Baada ya mwezi maji ya kuogea hayaendi kwenye tundu bali yanarudi mlangoni. Baada ya miezi mitatu ukuta wa chumba cha jirani unaota ukungu, kwa kuwa bomba lililofunikwa na marumaru linavuja. Marumaru zenyewe ukizigonga zinalia kama mtungi mtupu, kisha zinabanduka moja baada ya moja. Harufu ya shimo inarejea ndani kwa kuwa fundi hakuweka ile kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia hewa chafu. Mwenye nyumba akimtafuta fundi, simu haipatikani. Akiuliza, anaambiwa kuwa imesikika dhahabu imetoka mahali fulani, na fundi ameacha mwiko na pimamaji akaifuata.

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: Muislamu aliyefanyiwa kazi mbovu afanye nini? Ana haki gani, na mipaka ya haki hiyo ni ipi?

MAKUNDI MAWILI

Kwa uchunguzi wetu, watu wamegawanyika makundi mawili katika jambo hili, na yote mawili yameiacha njia ya kati.

Kundi la kwanza ni la wanaonyamaza. Husema, "Tumwachie Mungu," au "Huyu ni ndugu yetu tunayeswali naye safu moja, tutamwaibishaje?" Wanamlipa fundi ujira wake wote, kisha wanamtafuta mwingine wa kubomoa na kujenga upya. Kila mmoja huliona hili kuwa ni subira na ukarimu.

Kundi la pili ni la wanaopora. Mara tu wanapoona kasoro, hata ikiwa ni marumaru mbili zilizopinda, hukataa kulipa senti moja iliyobaki. Wengine hushikilia vyombo vya kazi vya fundi, humtukana mbele ya watoto wake, na wako wanaothubutu kumpiga. Na wapo, Allah atulinde, ambao hutafuta kasoro kwa makusudi siku ya malipo, ili wapate sababu ya kula jasho la mtu.

Tuanze na hili kundi la pili, kwani makosa yake yako wazi zaidi. Imepokewa na Imamu Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza, akipokea kutoka kwa Mola wake, kuwa watu watatu Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Na Ibn Majah amepokea amri ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kasoro katika kazi haiufuti ujira wote. Fundi aliyejenga kuta nne zilizonyooka na kukosea sakafu amestahiki malipo ya kuta, ijapokuwa ana deni la sakafu. Anayezuia vyote kwa sababu ya kimoja ametoka katika kudai haki akaingia katika dhulma.

Ama kundi la kwanza, kosa lake limejificha kwa kuwa limevaa vazi la wema. Kusamehe ni tabia tukufu, lakini msamaha una masharti. Sharti la kwanza ni kwamba anayesamehe awe ndiye mwenye haki. Katika msikiti mmoja wa kanda hii, tulikuwa miongoni mwa waliohudhuria kikao kilichozungumzia mahali papya pa kutilia udhu. Maji yalikuwa yakirudi upande wa ngazi ya msikiti badala ya kwenda shimoni, na kiungo kimoja cha bomba kilivuja ukutani. Wapo walioshauri fundi asilipwe kitu, na wapo walioshauri asamehewe kwa kuwa ni muumini wa msikiti huo huo. Mzee mmoja akauliza, "Fedha hizi ni za nani?" Pakawa kimya. Zilikuwa ni sadaka za Waislamu. Msimamizi wa mali ya waqfu hana mamlaka ya kuitoa zawadi, kama ambavyo mlezi wa yatima hana mamlaka ya kusamehe deni la yatima. Ukarimu kwa mali ya mwingine si ukarimu.

Sharti la pili ni kwamba msamaha usiwe mlango wa kumdhuru mtu wa tatu. Fundi asiyeambiwa kosa lake leo ataondoka akiamini kuwa anajua kazi, na kesho atamfanyia vivyo hivyo mjane aliyeweka akiba miaka mitano. Aliyenyamaza ana fungu lake katika hasara ya mjane huyo. Na jambo hili halikomei kwenye marumaru. Mnamo tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu zaidi ya 30 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba bafu ni sawa na ghorofa, wala hatumhukumu mtu katika misiba ile. Tunasema kwamba jamii iliyozoea kunyamazia udongo uliopangwa vibaya katika jambo dogo haitapata ulimi wa kusema katika jambo kubwa.

SHERIA INASEMAJE?

Qur'an Tukufu imeiheshimu kazi ya mikono. Katika Surat Saba, aya ya 11, Nabii Daud (a.s.) anaamrishwa kutengeneza deraya pana na kupima vizuri viungo vyake. Tazama, ndugu yetu, Nabii na mfalme anaelekezwa kuhusu vipimo vya viungo vya chuma! Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, tunafundishwa sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Wanazuoni wameeleza kuwa nguvu katika kila kazi ni ule uwezo unaohitajika katika kazi hiyo. Kwa fundi bomba, nguvu ni ujuzi wa mabomba. Mcha Mungu asiyejua kuunganisha bomba hajatimiza sifa, na mjuzi asiye mwaminifu vilevile.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliizingatia kanuni hii. Imepokewa na Imamu Ahmad na wengineo kwamba ulipokuwa ukijengwa msikiti wa Madina, Talq bin Ali (r.a.), mtu wa Yamama, alionekana anajua sana kuchanganya udongo, na Mtume (s.a.w.) akaelekeza kwamba kazi ya udongo aachiwe yeye. Masahaba watukufu walikuwapo, lakini udongo ulipewa mwenye ujuzi wa udongo.

Je, fundi akiharibu, anawajibika? Hapa wanafiqhi wana maneno marefu, nasi tutayafupisha. Imepokewa kutoka kwa baadhi ya Makhalifa waongofu, akiwemo Ali (r.a.), kwamba waliwawajibisha mafundi kwa mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, wakiona kuwa mambo ya watu hayatengemai ila kwa hivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu tumelelewa nayo, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, hivyo hadhamini kilichoharibika bila uzembe wala kuvuka mpaka. Lakini mwanafunzi wake, Ar-Rabi', amesimulia jambo la kuzingatiwa: kwamba Imamu alikuwa na rai hiyo moyoni, ila hakupenda kuitangaza, kwa kuchelea mafundi waovu wasije wakaifanya kichaka cha kujifichia. Imamu aliwajua watu wa zama zake. Sijui angesema nini angekiona kizazi chetu!

Hata hivyo, ikhtilafu hiyo inahusu uharibifu uliotokea pasi na kosa la fundi. Ama aliyefanya uzembe, au aliyekwenda kinyume na makubaliano, huyo anadhamini bila shaka. Na aliyejitia katika fani asiyoijua ana hali mbaya zaidi. Abu Daud na An-Nasai wamepokea kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na utabibu, basi anawajibika kwa madhara. Wanazuoni wamelipanua fundisho hili kwa kila fani. Kibarua aliyebeba zege wiki mbili, kisha akajitangaza kuwa ni fundi bomba, yumo ndani ya onyo hilo.

Tena Waislamu waliotutangulia hawakuliacha jambo hili kwa dhamiri za watu peke yake. Walikuwa na taasisi ya hisba, ambayo msimamizi wake alikagua mizani za sokoni na kazi za mafundi pia. Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 1329, aliandika kitabu kiitwacho Ma'alim al-Qurba kuhusu kazi hiyo, na akawatengea maseremala na waashi mlango wao. Anayedhani kuwa ukaguzi wa kazi ni jambo la wageni, na arejee huko.

MWENYE NYUMBA NAYE AJITAZAME

Uadilifu unatulazimu kusema na upande wa pili. Si kila kazi mbovu ni kosa la fundi. Yuko mwenye nyumba anayemkatalia fundi mfuko mmoja wa saruji uliobaki, kisha anamlaumu marumaru zikibanduka. Yuko anayenunua mabomba hafifu yasiyo na alama ya ubora ya TBS kwa kuwa ni rahisi, na kumwamuru fundi ayafunge. Yuko anayetaka bafu liogewe siku ya pili, ilhali saruji inahitaji kumwagiwa maji na kuachwa ikomae kwa siku kadhaa. Na yuko anayembadilishia fundi ramani mara tatu bila kuongeza ujira.

Katika hali hizi wajibu wa fundi ni kutoa nasaha kwa uwazi, na ikibidi mbele ya shahidi: "Bomba hili halifai." Akishasema, na mwenye nyumba akashikilia, lawama inarudi kwa mwenye nyumba. Akinyamaza ili asikose kibarua, ameshiriki. Na anayemchagua fundi kwa sababu moja tu, kwamba bei yake ni nusu ya wenzake, asishangae akipata nusu ya kazi.

KINGA KABLA YA KAZI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Ni ajabu kwamba umma wenye aya hiyo ndio unaopatana kazi za mamilioni kwa kupeana mikono barazani. Karatasi moja inatosha. Iandikwe kazi ni ipi, vifaa vinatolewa na nani, ujira ni kiasi gani, utalipwa kwa mafungu yapi, kazi itakwisha lini, na kasoro zikijitokeza ndani ya muda gani fundi atarejea kuzirekebisha bila malipo. Mashahidi wawili watie saini.

Ikiwa fundi ndiye anayetoa vifaa na ufundi pamoja, mkataba huo huitwa istisnaa. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1992, lilipitisha kuwa mkataba huu unazifunga pande zote mbili ukitimiza masharti yake. Likaruhusu pia kuwekwa sharti la fidia kama walivyokubaliana, isipokuwa pale inapotokea dharura isiyozuilika.

Malipo yafuate hatua, na kila hatua ikaguliwe kabla ya kufunikwa. Mabomba yajazwe maji na koki zifungwe kabla ukuta haujapigwa lipu, ili kinachovuja kionekane. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na upimwe kwa pimamaji, si kwa macho. Kabla marumaru hazijapangwa, tundu lizibwe, maji yamwagwe na yaachwe siku nzima, kisha itazamwe kama yamepungua au yamepenya. Baada ya marumaru kukauka, zigongwe kwa sarafu moja moja. Inayolia kwa mwangwi haina saruji ya kutosha chini yake.

Na tusisahau shimo la majitaka. Kipimo kinachotajwa sana na wataalamu ni kwamba shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi, na ugonjwa huo hupita katika maji yaliyochanganyika na kinyesi. Fundi anayechimba shimo kando ya kisima cha watu, na mwenye nyumba anayemruhusu, wote wawili wanachezea maji ya udhu na uhai wa majirani.

KASORO IKIDHIHIRI

Hatua ya kwanza, fundi aitwe na aoneshwe kosa kwa faragha na kwa maneno mazuri. Apewe nafasi ya kurekebisha kwa gharama yake, ndani ya siku zilizotajwa. Mafundi wengi, wakiitwa kwa heshima, huja.

Hatua ya pili, akipinga kuwa ni kosa lake, waitwe mafundi wawili wazoefu na waadilifu, wasio na uadui wala undugu na yeyote. Wao ndio watakaosema kosa ni la nani na thamani yake ni kiasi gani. Tuseme ujira ulikuwa shilingi 400,000, na wajuzi wakakadiria kuwa kasoro imepunguza kazi hiyo kwa shilingi 150,000. Haki ya fundi ni shilingi 250,000. Kama ameshapokea 200,000, anadai 50,000 na alipwe siku hiyo hiyo. Kama ameshapokea 300,000, anadaiwa 50,000. Huu ndio uadilifu: hasara inapimwa, haikisiwi kwa hasira. Katika ule msikiti tulioutaja hivi ndivyo ilivyofanyika. Wajuzi waliona kuta na marumaru ni nzuri, ila mteremko na kiungo kimoja vilikosewa. Fundi alirudi, akafanya kazi siku tatu, akalipwa salio lake lote, na hadi leo anaswali hapo bila kuinamisha kichwa.

Hatua ya tatu ni suluhu mbele ya imamu au wazee. Ikishindikana, serikali imeweka milango. Liko Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 likiwa na kazi ya kusuluhisha. Iko Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mashauri kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Ile karatasi yenye mashahidi ndiyo itakayosema huko. Kudai haki kwa njia hizi si kukosa subira wala si uadui.

Baada ya haki kubainika na kupimwa, ndipo mlango wa msamaha unapofunguka. Mwenye kudai shilingi 50,000, akamtazama fundi na watoto wake, akasema "nimekuachia kwa ajili ya Allah," huyo amesamehe kwa kujua. Fundi naye ameondoka akilijua kosa lake. Msamaha huo una thawabu na una mafunzo.

NASAHA KWA MAFUNDI

Enyi ndugu zetu mafundi, kazi yenu ni ibada mkiitia nia. Imepokewa na Al-Bayhaqi kwamba Allah (s.w.) anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Bomba linalofunikwa na lipu halionwi na mwenye nyumba, lakini linaonwa na Yule asiyefichikiwa na kitu. Msipokee malipo ya awali ya nyumba nne wakati mna mikono miwili. Usiseme "najua" katika usilolijua. Aliyejifunza kazi mtaani asione haya kwenda VETA, ambako upo utaratibu wa kupimwa na kutambuliwa ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Na ukiitwa kurekebisha kosa, itika. Fundi anayerudi kurekebisha ndiye atakayeitwa tena mwakani, na jina lake litatajwa kwa wema.

Nanyi wasimamizi wa misikiti yetu, wekeni daftari la mafundi waliofanya kazi wakatimiza, ili muumini anayejenga apate pa kuuliza. Wala msiwatangaze waliokosea kwa kuwasengenya. Anayeulizwa kwa ajili ya kumwajiri mtu aseme kweli kwa kadiri ya haja, basi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza mikataba yao, wanaolipa ujira kwa wakati, na wanaodai haki zao bila ya kudhulumu. Wabillahi tawfiq.